Penzi Moja, Foleni Mbili

Namanga ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande huu ni Namanga ya Tanzania, upande ule ni Namanga ya Kenya. Jina ni lile lile, Wamasai ni wale wale, na mbuzi wanavuka bila kuulizwa swali. Ukitokea Arusha ni kilomita zaidi kidogo ya 100: unapita Ngaramtoni, Mlima Meru unaubakiza mkono wa kulia, unashuka kwenye mbuga kavu ya Longido ambako ng'ombe ni wengi kuliko nyumba, na kabla hujamaliza soda yako unauona mlima mweusi wa Ol Doinyo Orok umesimama upande wa Kenya. Hapo ujue umefika. Kina mama wa Kimasai wanakuja dirishani na shanga na bangili, wanakusalimia kwa lugha tatu, na vijana wa kubadilisha fedha wanakukaribisha kama ndugu yao waliyepotezana naye siku nyingi.

Ni mahali pazuri pa kuanzia wikiendi ya wawili. Ni mahali pazuri pia pa kuanzia ugomvi.

Mpenzi msomaji, kama wewe na mwenzio wote ni raia wa Afrika Mashariki, soma makala hii kwa kujifurahisha tu, halafu mpigie simu rafiki yako aliyeolewa na mgeni umsimulie. Lakini kama mmoja wenu ni mtu wa mbali, anayeishi hapa kwa kibali cha ukaazi, kaa vizuri. Haya ni ya kwenu.

Mimi ni mtoto wa Arusha, nimekulia Sanawari. Mume wangu ni Mhindi wa India kabisa, wa Kerala, sio Wahindi wetu waliozaliwa Kariakoo na wanaogombania Simba na Yanga. Alikuja kwa mkataba wa kufundisha hesabu, akanikuta. Mengine mnajua wenyewe. Huu ni mwaka wake wa nne. Ana kibali cha kazi, ana kibali cha ukaazi daraja B, ana kitambulisho cha mlipakodi, ana mama ntilie wake wa kudumu anayemkopesha chapati. Kiswahili chake kina kona kona, lakini anabishana bei ya nyanya mpaka mwenye nyanya anacheka.

Kwa kila hali ni mwenyeji. Mpaka tufike Namanga.

Wewe huku, yeye kule

Siku hizi Namanga kuna kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, kilizinduliwa rasmi Desemba 2018. Zamani ulishuka upande wa Tanzania ukagongewa mhuri wa kutoka, ukatembea na begi lako juani, ukapanga foleni tena upande wa Kenya. Sasa unapita moja kwa moja mpaka jengo la nchi unayoingia, na maofisa wa nchi zote mbili wamekaa humo humo. Unagongewa wa kutoka, unasogea hatua chache, unagongewa wa kuingia. Kwangu mimi kazi yote ni kama dakika kumi. Mtanzania kuingia Kenya halipi senti, na anaweza kukaa hadi miezi sita. Hayo ni matunda ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lililoanza kutumika Julai 1, 2010.

Yeye ni hadithi nyingine. Kenya haiulizi anaishi wapi, inauliza ni raia wa wapi. Na jibu ni India. Kibali chake cha Tanzania, alichokitafuta kwa miezi na kukilipia kwa dola, ukivuka mstari ule kinakuwa karatasi nzuri yenye picha yake. Hakimwingizi Kenya.

Tangu Januari 2024 Kenya iliachana na viza ya zamani, ikaleta idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni, ile inayoitwa eTA. Ada ni dola 30 na makato kidogo ya malipo. Wanataka pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi, picha, mahali mtakapofikia na tiketi au mpango wa safari. Inashauriwa uombe siku tatu kabla, na mimi nasema wiki nzima, kwa sababu intaneti na bahati sio ndugu.

Safari yetu ya kwanza ilikuwa ya harusi ya rafiki yangu wa chuo, Nairobi. Kadi ilisema Jumamosi. Kwangu ilikuwa suala la kuchagua viatu. Kwake ilikuwa suala la kuomba ruhusa. Tulipofika ukumbini, dada wa uhamiaji akanitazama, akatazama pasipoti yangu, akasema, "Dada, wewe pita huku." Kisha akamwangalia yeye: "Shemeji, wewe foleni ile."

Nikabaki nimesimama katikati. Pete zetu zilinunuliwa duka moja siku moja, lakini mlango wangu na wake sio mmoja. Nikamwambia yule dada, "Namsubiri shemeji yako." Akacheka, akasema foleni ya pili haina viti. Nikasimama.

Kichekesho ni kwamba makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, mji huu huu tunaoishi. Mume wangu hupita karibu na jengo lile akienda sokoni. Bendera zote ziko pale. Yeye bado hayumo.

Uraia ndio unaovuka, ukaazi unabaki

Hapa ndipo wengi wanapochanganya, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Uhuru wa kutembea ndani ya Jumuiya ni wa raia wa nchi wanachama. Sio wa kila anayeishi humo. Mgeni mwenye kibali cha Tanzania ana haki ya kuishi Tanzania, na kurudi Tanzania bila kulipia viza mpya maadamu kibali chake hakijaisha. Basi. Ukivuka mpaka, jirani anamhesabu kwa pasipoti yake ya asili.

Ulaya mambo ni tofauti. Mgeni mwenye kibali cha kuishi Ufaransa au Ujerumani, kwa mfano, anaweza kwenda kutembea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 ndani ya kila siku 180, bila viza nyingine. Ndugu zetu walioko huko wameshazoea, na ndio maana wakija likizo na wenzi wao wanashangaa kwa nini Arusha na Nairobi, miji ya karibu hivi, inaachana namna hii.

Hata hapa kwetu kuna waliojaribu. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana mambo makubwa mawili. Kwanza, wageni wenye vibali vya kufanya kazi na kuishi katika nchi hizo tatu waweze kutembeleana bila kulipia viza, kwa kutumia pasi maalumu ya safari. Pili, wakaanzisha viza moja ya utalii ya Afrika Mashariki: dola 100, siku 90, unaingia na kutoka mara nyingi ndani ya nchi hizo tatu. Jina lake linasikika kama la ukanda wote. Tanzania haimo.

Jina hilo limewaponza wengi. Tukirudi kutoka kwenye ile harusi, ukumbi wa upande wa Tanzania, mbele yetu walikuwa vijana wawili waliopendeza kweli: binti wa Nairobi na jamaa yake Mfaransa. Jamaa anafanya kazi Nairobi, ana kibali cha Kenya. Walishakwenda Kampala kwa kibali hicho, walishakwenda Kigali, hakuna aliyewasumbua. Aliyewauzia safari akawaambia Arusha ni hivyo hivyo. Sio hivyo hivyo. Akaambiwa alipe viza ya Tanzania, dola 50.

Dola 50 sio mwisho wa dunia. Lakini sikiliza walivyogombana. "Wewe si ndiye wa huku, ungeniambia." "Mimi silipi viza, nitajuaje?" "Basi ungeuliza." "Na wewe huna simu?" Sauti zikapanda, kila mtu akageuka. Binti alikuwa ameshagongewa, amesimama upande wa pili na begi lake. Jamaa amebaki na fomu mkononi. Mita chache tu kati yao, lakini kwa nyuso zao ungesema wapo mabara mawili.

Nilitaka kumwambia yule binti jambo moja, sikumwambia kwa sababu hayanihusu, nakwambia wewe. Anayepita bure mara nyingi hana habari na mlango wa mwenzie, kwa sababu hajawahi kuugonga. Sio roho mbaya. Mimi nimeishi saa mbili kutoka Namanga maisha yangu yote, na mambo ya viza nimeyajua baada ya kupenda. Kwa hiyo atakayelipa asimlaumu asiyelipa kwa kutojua, na asiyelipa asijifanye jambo lile ni la mwenzie peke yake. Safari ni ya wawili, na karatasi ziwe za wawili.

Rusumo, ambako gari hubadili upande

Mwaka uliofuata tukataka kwenda Kigali, tena kwa barabara. Watu wakatuambia tumechanganyikiwa: zaidi ya kilomita 1,000, Babati, Singida, Nzega, Kahama, halafu porini mpaka Rusumo. Tulilala Kahama. Kama uchumba wenu haujapimwa, nendeni Kahama kwa basi.

Lakini Rusumo panalipa. Mto Kagera unabanwa na miamba, unaanguka kwa ngurumo chini ya daraja, na pale pale upo mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Ukisimama pale huwezi kusahau pia mwisho wa Aprili 1994, watu laki mbili na zaidi walipovuka daraja hili kwa siku moja hivi wakikimbilia Tanzania. Hawakuwa na foleni ya wenyeji na foleni ya wageni. Mume wangu, ambaye huwa na maneno mengi, alinyamaza dakika kadhaa.

Ukivuka, kila kitu kinageuka. Gari linahamia mkono wa kulia wa barabara. Saa unairudisha nyuma saa moja. Mifuko ya plastiki hairuhusiwi, Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, kwa hiyo toa viatu vyako kwenye kile kimfuko kabla hujaaibika.

Na hapa mambo yaligeuka kwetu pia. Mimi niliingia bure kama kawaida. Yeye akaenda dirishani na dola zake mkononi, amejiandaa. Yule kijana wa uhamiaji akazirudisha. Rwanda imeondoa ada ya viza ya siku 30 kwa raia wa nchi za Umoja wa Afrika, Jumuiya ya Madola na zile zinazozungumza Kifaransa. India ni ya Jumuiya ya Madola. Akagongewa, akageuka kunitazama na uso wa mtu aliyepita mtihani asioujua. Tukavuka pamoja, kwa mara ya kwanza bila mmoja kumsubiri mwenzie.

Nakumbuka alivyotembea kutoka pale. Mikono mfukoni, taratibu, kama mwenyeji.

Piga hesabu kabla ya kununua tiketi

Sasa basi, tuongee hela. Tuchukue wawili wanaoishi Arusha au Dar, mmoja Mtanzania. Mtanzania halipi popote kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Hesabu ni ya mwenzie.

Akiwa ni Mhindi kama wangu: Kenya dola 30, Rwanda bure, Uganda dola 50 kwa viza inayoombwa mtandaoni. Jumla 80. Ile viza ya pamoja ya dola 100 haimfai, atakuwa amelipa zaidi.

Akiwa ni Mjerumani: Kenya 30, Rwanda 50, Uganda 50. Jumla 130. Hapo viza ya dola 100 inaokoa 30, ya chakula cha usiku kizuri Kigali. Ila mkumbuke masharti: inaombwa kwa nchi atakayoingia kwanza, na akitoka nje ya hizo tatu imekwisha kazi. Maana yake, mkikatiza kupitia Tanzania katikati ya safari, mmeiua. Ipangeni iwe mzunguko mmoja, mwisho ndio mrudi nyumbani.

Akiwa ni Mwafrika, mambo yamekuwa mepesi miaka hii. Rwanda ilitangaza Novemba 2023 kuwafungulia Waafrika wote, na Kenya mwaka 2025 iliwaondolea eTA raia wa karibu nchi zote za Afrika. Mwenzio akiwa wa Ghana au Nigeria, Nairobi sasa ni karibu kuliko zamani.

Ada hizi hubadilika, na hubadilika bila kutuuliza. Wiki ya safari angalieni tena kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi mnayokwenda, sio kwa rafiki aliyekwenda mwaka juzi.

Ya kuweka mezani

Kuna mambo manne nayakagua siku hizi kabla hatujafunga mabegi.

Kwanza, tarehe ya mwisho ya kibali chake. Kikiisha mkiwa nje, anarudi Tanzania kama mgeni yeyote: viza, na maswali. Kibali cha kazi na cha ukaazi ni karatasi mbili za ofisi mbili, kagueni zote.

Pili, kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ukitokea Kenya kuingia Tanzania unaweza kuulizwa, na hapo hakuna cha raia wala mgeni, hata mimi nimeulizwa. Habari njema ni kwamba tangu 2016 chanjo moja ni ya maisha. Ila inaanza kuhesabika siku ya kumi baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usikimbilie sindano asubuhi ya safari.

Tatu, pasipoti yangu mimi mwenyeji. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho vyao tangu 2014. Sisi Watanzania bado tunahitaji pasipoti au hati ya kusafiria. Usijione mwenye nyumba ukasahau ufunguo.

Nne, nakala ya cheti cha ndoa. Hakimpunguzii ada hata shilingi. Lakini swali la "huyu ni nani wako?" linajibiwa mara moja, tena kwa heshima.

Na mbele ya safari?

Watu huniuliza, kwa nini asichukue tu uraia, yaishe? Ingekuwa mimi ndiye mgeni na yeye Mtanzania, ningeweza. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo. Anaomba kama mtu mwingine yeyote: awe ameishi nchini mwaka mzima kabla ya kuomba, na miaka saba katika ile kumi iliyotangulia. Wakenya walishalimaliza hili kwenye Katiba yao ya 2010: miaka saba ya ndoa, mume au mke, haki ni moja.

Na hata akifika huko, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. India nayo hairuhusu. Itabidi aachie pasipoti ile aliyotoka nayo kwao. Mama yake mzazi yuko Kerala. Siwezi kumwambia mtu, kwa ajili ya foleni ya Namanga, aingie nchi ya mama yake kwa pasipoti ya nchi nyingine. Tumelizungumza usiku mmoja mpaka umeme ukakatika na ukarudi. Hatujaamua. Sidhani ni jambo la kuamuliwa kwa kuhesabu dola.

Alichoniuliza usiku ule ni kingine: tukijaliwa mtoto, atasimama foleni ipi? Hilo nililijua. Akizaliwa hapa na mama Mtanzania, ni Mtanzania tangu siku ya kwanza. Akanyamaza, akasema, "Basi mtanisubiri wawili."

Ndugu msomaji, mipaka hii ilichorwa na Waingereza na Wajerumani tangu 1886, ikawakata Wamasai vipande viwili bila kuwauliza. Inalegea, lakini polepole. Wewe na mwenzio msisubiri ilegee yote ndipo mtembee. Nendeni Namanga mkale nyama Kajiado. Nendeni Rusumo mkausikilize mto. Ila usiku mmoja kabla ya kulipa nauli, wekeni pasipoti zote mbili mezani, msome kurasa zake pamoja, na mkubaliane nani anabeba hela ya nini.

Na kama wewe ndiye unayepita bure, usitangulie kwenda kutafuta chai. Simama naye.